Ruhusa ya Kumuiga Mwalimu

Juzi sokoni hapa mjini Baraka nilimkuta fundi mmoja wa barabara, Mchina, akihangaika kuelewana na muuza mihogo. Nikamsaidia kwa Kichina. Alipokwisha kushangaa, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa na mafua, maana kila nikitaka kusema, nilikohoa kwanza. Nilicheka peke yangu njia nzima hadi nyumbani. Ngoja nikueleze, ndugu yangu, kikohozi hicho nilikitoa wapi.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, nikilelewa na koko, mama mzaa baba. Asubuhi za Jumamosi zilikuwa za ndagala, dagaa wa ziwa letu. Tulizitandaza mchangani kando ya ziwa, koko akiimba kwa Kibembe, mimi nikifukuza kuku kwa fimbo, na harufu ile ilikaa kwenye nywele zangu mpaka Jumapili kanisani. Ndipo akaja mwalimu mmoja, mtu wa huku huku Fizi, aliyekuwa amesomea ujenzi wa madaraja Uchina. Alikuwa na kawaida ya kukohoa kidogo kabla ya kusema, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Akaomba chumba kimoja shuleni kwetu, atufundishe Kichina kila Jumamosi.

Mtaa mzima ulikuwa na neno. Jirani yetu, mama muuza maandazi, alituuliza kila tulipopita: "Kifaransa yenyewe inabashinda, sasa Kichina iko ya kufanya nini?" Kwa watu wetu Kifaransa kilikuwa lugha ya bureau, ya ofisini, na Kichina kilikuwa cha kununulia sahani na betri. Kama kuna mtoto wa kujifunza lugha ya mbali hivyo, basi awe wa mji mkubwa kama Bukavu. Mimi nilikitaka tu. Kila nilichokijua, koko alikuwa amekijua kabla yangu, na nilitamani kimoja cha kumfundisha yeye. Koko akakubali, mradi ndagala ziwe zimetandazwa kabla jua halijapanda.

Jumamosi tatu tulikaa kama mawe. Mwalimu alitamka neno, sauti ikipanda na kushuka, kisha akatuashiria turudie vilevile. Tukatazama chini. Tulikuwa tumesikia vizuri sana, lakini kwetu mtoto anayeiga sauti ya mkubwa anamdhihaki, na kofi halichelewi. Kifaransa tulikisoma ubaoni, hapakuwa na shida. Kumrudishia mtu mzima sauti yake mwenyewe mbele ya macho yake, nani angethubutu? Tulinong'ona tu, naye akadhani tumeshindwa. Jumamosi ya tatu aliweka chaki chini, akasema huenda mtaa ulisema kweli, na kwamba wiki ijayo angekuja mara ya mwisho.

Nililia nikigeuza ndagala. Koko aliponiuliza nikamweleza yote. Aliendelea kuokota vijiwe katikati ya samaki. Lakini Jumamosi iliyofuata alivaa kitenge chake cha kanisani, akafuatana nami mpaka mlangoni mwa darasa, akavua kandambili.

"Mwalimu, batoto habako bajinga," alisema. "Ku kwetu mutoto akiiga sauti ya mukubwa, iko namucheka. Ni sisi tulibafundisha vile ku nyumba." Kisha akatugeukia. "Leo mukubwa mwenyewe anabapatia ruhusa. Mumuige vile anasema, musibakishe kitu."

Mwalimu alimtazama, akatutazama sisi, akaitikia kwa kichwa. Akakohoa, akatamka neno. Na sisi darasa zima tukakohoa, tukatamka neno.

Koko alicheka mpaka akakaa kizingitini. Mwalimu naye alicheka, akajifuta macho kwa mkono wenye chaki, na tangu siku ile hakuzungumza tena habari ya kuondoka. Alitufundisha miaka minne. Mimi nilipata nilichokitaka: jioni nilimfundisha koko, naye akawa anahesabu mafungu ya ndagala kwa Kichina mbele ya wateja, akikohoa kabla ya kila namba. Jirani wa maandazi alimleta binti yake mwenyewe, bila kueleza chochote. Najivunia darasa lile kuliko shahada yangu, nakuambia ukweli.

Leo koko hayupo, na mwalimu naye ametutoka. Chumba chetu kimekuwa stoo ya mbao. Hakuna aliyenasa sauti ya mwalimu hata siku moja, na nimeitafuta sana. Jumamosi iliyopita nilianza darasa langu la kwanza la Kichina, katika shule nyingine ya hapa Baraka. Watoto walitazama chini, kama nilivyotarajia. Nikawapa ruhusa kwa maneno yaleyale ya koko, kisha nikatamka neno la kwanza.

Wakakohoa wote. Nikageukia ubao, wasinione machozi.