Historia ya Ugonjwa wa Yaya

Dada yangu mkubwa, ambaye maisha yangu yote nilimwita Yaya, alikufa Kapata, mtaa wa Kolwezi, wakati mimi niko mbali, Sandoa, nikinunua mihogo mikavu ya kuja kuuza Kolwezi. Nilifika mazishi yamekwisha. Turubai lilikuwa bado limefungwa uani, watu wanakula.

Tangu nilipoacha shule sijawahi kukaa mahali pamoja hata masika yaishe. Baada ya kilio kile nililala. Nilijitupa katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, mojawapo ya zile nyumba za kampuni ya madini zilizopangwa mistari, na sikutaka kwenda popote. Malori ya madini yalipita, madirisha yakatetemeka, wala sikujiuliza yanaelekea wapi. Hilo ndilo lililomtisha shemeji, mume wa marehemu. Kutokula kwangu angekuvumilia. Kimya changu kilimshinda.

"Shemeji, uko sawa gari ya kukufa moteri," aliniambia akiwa mlangoni. "Iko mama moya kule Manika, ku santere ya afya. Kazi yake ni kusikia bantu. Weye wende."

"Atanipa dawa?"

"Hapana. Maneno tu."

"Na ile ni kazi?"

"Alisomea."

Nilikwenda kwa sababu ya neno hilo, alisomea. Nimeosha mawe ya shaba, nimechoma mkaa, nimenyoa watu vichwa barabarani, lakini sikujua kuna shule ya kusikiliza watu. Nilitaka kuona wanafundishwa nini.

Chumba chake katika kile kituo cha afya kilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Upande wa pili wa ukuta walikuwa wanapima watoto uzito, kwa hiyo mtu aliyekuja kuzungumzia kifo alilazimika kupaza sauti. Yule mama alikuwa kijana kuliko mimi, kwa hiyo aliniita tata, yaani baba. Alinionyesha kiti, akasema, "Tata, niambie juu ya kufa ya yaya yako."

Nikasimama.

Kwetu, kabla watu hawajatawanyika kilioni, mtu wa familia husimama na kutoa historia ya ugonjwa. Ulianzia wapi, mgonjwa alipelekwa hospitali gani, daktari alisema nini, neno lake la mwisho lilikuwa lipi. Familia isipotoa historia, kila mtu ataondoka na ya kwake, na katika hizo mchawi hakosekani. Ya Yaya aliitoa shemeji. Aliitoa vizuri mno, mpaka wale waliokuwa wanacheza karata nyuma wakaziweka chini. Mimi niliishika neno kwa neno.

Basi nikakohoa, nikamwambia mwanamke mmoja aliyekaa peke yake, "Ndugu na jamaa, asanteni kwa kuja." Nikaendelea mpaka mwisho: jinsi tumbo lilivyoanza kuvimba, jinsi alivyolazwa, jinsi siku ya mwisho alivyomwita mdogo wake, ndiye mimi, simu ikakataa kupita. Nikaketi. Nilidhani kazi imeisha.

Safari iliyofuata aliniuliza swali lilelile. Nikasimama tena, nikatoa ileile. Nilifikiri ananipima kama nitabadilisha maneno, kama polisi wanavyofanya. Safari nyingine, hata kabla sijakohoa, aliinua mkono.

"Tata, ikaa. Ile ni historia ya bwana yake. Ya kwako iko wapi?"

"Mi sikukuwako. Mwenye hakukuwako hana historia."

"Ile njo nauliza. Unasema simu yako ilikatala kupita. Kule Sandoa, simu yako haikukuwa inapita?"

Ilikuwa inapita. Kila jioni niliongea na wanunuzi wangu wa Kolwezi. Mimi huwauliza madereva maswali mpaka wananishusha njiani, lakini lile neno la simu nilikuwa nimelimeza na kulitoa mbele ya watu bila kuligeuza hata mara moja. Nilimchukia yule mama.

"Unachimba kaburi na kijiko," nikamwambia.

"Ni weye ulikuya nayo, tata."

Nilimkuta shemeji uani, anaosha pikipiki.

"Wakati Yaya alikuwa anakufa, ulinipigia simu?"

Aliendelea kusugua gurudumu. Akasugua pale palipokwisha kung'aa.

"Alikatala," akasema. "Nilikamata simu, akaniambia: muache ule mudogo yangu. Akikuya atazunguka mu nyumba, atauliza daktari maulizo elfu, atanichokesha. Minataka kufa na kimya."

"Na ile ya simu kukataa?"

"Ulitaka niseme nini mbele ya bantu? Dada yako moya, mwenye alikulea, hataki hata kukuona? Bangesema njo weye mulozi, njo weye ulimukula. Nilikukinga, shemeji."

Alinikinga kweli. Nimeona vijana walioitwa wachawi wakafukuzwa kwao kwa sababu ndogo kuliko hiyo, wakaishia kulala kando ya mashimo ya kobalti. Bado sijamshukuru.

Niliporudi Manika sikusimama. Nilimwambia yule mama kwamba Yaya alinilea tangu mama yetu alipokufa, kwamba alijua anakwenda, na akaona mimi ni kelele. Nikangoja aseme kwamba Yaya alinipenda, alitaka kuniepusha na maumivu. Kilioni wangesema hivyo watu kumi kwa pamoja, huku wakinishika mkono. Yeye akauliza, "Ungemuchokesha?"

"Ndiyo."

Ndiyo, ningemchosha. Ningeuliza maji yale ya dripu yana nini ndani. Ningemuuliza yeye mwenyewe anasikia nini, kufa kunaanzia miguuni au kifuani. Ningetoka na kuingia mpaka anirushie kandambili, kama zamani. Na nilikuwa na haki. Niliyasema hayo, kisha nikasema mabaya zaidi, yale ambayo kwetu hayasemwi juu ya marehemu. Kwamba alikuwa mchoyo. Kwamba alinigawia kila kitu tangu utotoni, nyama, blanketi, ada ya shule niliyoitupa, na kifo chake akakila peke yake nyuma ya mlango. Nilipiga kelele hadi muuguzi wa wale watoto akafungua mlango kuona nani anauawa. Yule mama akamwashiria aufunge.

Naendelea kwenda. Sijapona, na sina mapenzi na wanaosema maneno huponya. Mkate siumalizi. Usingizi unakuja ukitaka. Shemeji ameanza kuniuliza, akijifanya anatafuta ufunguo wa pikipiki.

"Kule unasemaka nini?"

"Ninamtukana mke wako."

Aliacha kutafuta. Nilidhani atanipiga.

"Na ule mama anajibu nini?"

"Anauliza kama nimemaliza."

"Umemaliza?"

"Bado."