Breki ya Mguu Nisiouona

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Kwa hiyo jirani yetu aliposimama mlangoni mwa banda langu akacheka, eti mke wa mtu, tena mtu mzima, anatengeneza kigari cha kuchezea watoto, nilimwambia achague: ashike spana, au atoke kwenye mwanga wangu. Akatoka huku anacheka.

Kigari chenyewe kilikuwa cha mbio za kitoto: fremu ya mabomba, magurudumu manne madogo kama sahani, kiti cha plastiki kilichopasuka, na injini ndogo nyuma iliyoganda kwa kutu. Kilikuwa kimekaa miaka mingi nyuma ya nyumba ya meneja wa shamba moja la chai. Halafu ikaja ile miaka ya kuuza mali za umma. Shamba likapata mmiliki mpya, naye akaagiza vyuma chakavu vyote viondolewe. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la kwenda Tunduma. Alikipakia juu ya mbao, akakileta kwetu Mpuguso na kunishushia uani. "Zawadi yako, fundi," akasema. Yeye alikuwa anatania, mimi nilikuwa nimeshaanza kuangalia bolti zipi zitafunguka.

Fundi ni kweli. Nimekulia kwenye gereji ya baba yangu Bulyaga, na nilijua kuchomelea kabla sijajua kusonga ugali ukaeleweka.

Nilikitaka kigari kwa ajili ya baba mkwe. Kidonda cha sukari kilimla mguu mpaka hospitali wakaukata, na miezi kumi tangu arudi alikuwa hajavuka ua. Kiti cha magurudumu alichopewa kilizama kwenye tope letu siku ya kwanza tu, maana huku mvua haijui likizo. Vijana wa kanisani wakajitolea kumbeba. Akawafukuza. "Nikibebwa tena, nibebwe kwenye jeneza," alisema, na ua mzima ulimsikia. Alikuwa anataka kitu kimoja tu: kufika kwenye shamba lake la chai, dakika kumi kwa mwenye miguu miwili, bila kushikwa na mtu. Alipoona haiwezekani, akaacha kula. Sahani zikawa zinarudi jikoni kama zilivyokwenda. Mama mkwe akaniambia taratibu, huku anamenya ndizi, "Mwanangu, huyu masika hayamalizi." Niliumia sana. Jioni ile ile nikaifungua injini, na mzee alipoambiwa ni ya nini akaanza kugusa chakula kidogo.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze, la sivyo mtaniona mjinga kuliko nilivyokuwa. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Nikisikia anakuja njiani, naingia migombani mpaka apite. Chumbani kwake sikanyagi, jina lake silitaji, uso wake siutazami. Wengi siku hizi wameacha, lakini mzee wetu alikuwa wa zamani, na mimi pamoja na mdomo wangu wote niliishika mila hiyo vizuri. Miaka sita ya ndoa nilimjua kwa kikohozi chake na kwa sauti yake nyuma ya ukuta.

Basi, mimi ndiye wa kumtengenezea kiti mtu ambaye sijawahi kumtazama.

Vipimo vilikuja na mama mkwe. Alichukua kamba ya mgomba akaipiga mafundo: hapa mgongo, hapa nyonga mpaka goti, hapa goti mpaka kisigino. Kazi safi. Nikamuuliza kwa aibu, "Mama, mguu uliobaki ni upi?" Alikuwa amesimama mbele yangu. Akajipiga paja la kushoto. "Huu." Nikaridhika. Mume wangu alikuwa safarini, na hata angekuwepo nisingemuuliza tena. Mtu anaoneshwa paja, anataka nini zaidi?

Nikaanza kazi. Injini niliilaza kwenye mafuta ya taa siku tatu ndipo pistoni ikalegea. Ringi zake zilikuwa zimekwisha. Zamani ungetafuta spea kwa kujuana, ukakosa. Sasa maduka ya Mbeya yalikuwa yamefurika, shida ikawa kubagua bandia na za kweli. Ringi za kwanza zilinivunjikia mkononi kama biskuti. Nikapanda gari mpaka Mbeya, nikamwagia mwenye duka vipande juu ya meza yake, nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Alinipa nyingine, akanisindikiza mpaka nje.

Yale magurudumu ya sahani nikayatupa, nikaweka ya toroli, makubwa, yanayojua matope. Ekseli nikaiinua ili tumbo lisiburuze kwenye mawe. Umeme ulikuwa haujafika kwetu, kwa hiyo kila kipande cha kuchomelea nilikipeleka Bulyaga kwa baba. Mnyororo ulichomoka mara nne. Mara ya nne nilirusha spana migombani kwa hasira, kisha nikapoteza nusu saa kuitafuta, nikijitukana mwenyewe. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mafuta, yaani mwendo wa injini, niliyatoa mguuni nikayaleta mkononi, kando ya usukani. Breki nikaiacha ya mguu, pedali moja, pana, upande wa kushoto, kwa urefu kamili wa fundo la mama. Nilikijaribu mwenyewe barabarani. Kilipanda, kilishuka, na kilisimama pale nilipotaka kisimame. Niliringa, nakiri.

Siku ya siku, mama mkwe na yule jirani aliyenicheka walimtoa mzee wakamkalisha, wakamfunika blanketi mapajani kwa sababu ya baridi. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko, mgongo ukutani, nasikiliza. Nilikuwa nimemfundisha mama kila kitu, naye akamwambia: mkono huu mafuta, ukitaka kusimama kanyaga. Jirani akavuta kamba. Injini ikashika kwa mvuto wa kwanza, jamani! Nikaisikia ikitembea uani, ikageuka kwenye kona ya mparachichi, ikaelekea njia ya kushuka. Hapo nilisubiri kusikia breki.

Sikuisikia. Mlio ukazidi kwenda mbali na mama akapiga yowe.

Sikufikiri mila wala nini. Nilikimbia. Mzee alikuwa anateremka kuelekea mtoni, blanketi limeanguka, na pale nikaona kwa macho yangu: mguu uliobaki ni wa kulia. Upande wa pedali kulikuwa na kigutu kinachopapasa hewani. Nilikatiza kwenye majani ya ng'ombe, nikakidaka kigari kwa nyuma, nikang'oa waya wa plagi ili injini izime. Umeme ukanipiga mpaka kwenye bega. Tukaburuzana kwenye nyasi mbichi, mpaka kikasimama kimeegemea kisiki, maji ya mto yakiwa hatua chache mbele yetu.

Akageuka. Tukatazamana. Ana nyusi za mume wangu, zile zile. Kisha akavuta kofia mpaka puani, nami nikaanguka chini nikafunika uso kwa kanga.

Mama alilia usiku na mchana. "Mimi namvisha nikiwa mbele yake," alisema. "Miezi yote hii naona mguu wake umeelekeana na wangu huu." Ningemlaumu vipi? Miezi kumi nilikuwa naishi na mtu aliyekatwa mguu, sijui ni upi, na nikaona fahari kutokujua.

Siku nne zikapita. Ukoo ukasikia. Wengine wakasema nilipe jogoo, wengine wakasema nirudishwe kwa baba yangu nikafundwe upya. Nikawajibu kwamba jogoo nitalipa, lakini kwa kumshika mzee asife siombi radhi kwa mtu. Nikarudi bandani, nikakata pedali. Lakini sahani zilikuwa zinarudi tena zimejaa, na mkono wangu ukawa mzito. Pedali mpya niiweke wapi, kwa kipimo gani? Kamba sikuiamini tena.

Siku ya tano mama akaja mlangoni. "Anakuita."

"Nani?"

"Baba yako. Chumbani. Uje na kipimo."

Niliingia nimeinamisha kichwa. Alikuwa ameketi kitandani, blanketi limemfunika kuanzia kichwani mpaka gotini, kama mzigo uliosahaulika. Chini ya blanketi, mguu mmoja wa kulia, umenyooshwa mbele, umeoshwa, umepakwa mafuta.

Nikapiga magoti. Nikapima nyonga, goti, kisigino, nyayo. Nilipomshika kisigino hakukitoa. Mama akawa amesimama kati yetu kusubiri maneno ya kufikisha.

"Mwambie mkwe…" mzee akaanza. Blanketi likapanda na kushuka. "Hapana. Wewe, mwanangu. Ukimaliza breki, funga na kengele. Nitakuwa napita kila siku. Usikie kutoka mbali, usiwe unakimbilia migombani na mzigo kichwani."

Nikakunja kipimo, nikatoka kinyumenyume mpaka bandani.

Kengele niliipata ya baiskeli. Jumatatu asubuhi nilikuwa jikoni nikaisikia ikitoka uani, ikavuka lango, ikapanda njia ya shamba la chai, na hakukuwa na nyayo za mtu yeyote nyuma yake. Saa sita ilirudi yenyewe. Mama akapeleka sahani, akarudi nayo, akanionesha. Ilikuwa tupu, na nililia pale pale kwenye moshi bila kuona haya.