Nyumba Niliyoiponda Mpaka Ikasikia

Mume wangu alipostaafu bandarini alinunua sufuria mbili, kisu na taa ya sola, akavisukuma chini ya kitanda upande wake. Nilivihesabu, nikavihesabu tena, nikaona hakuna hata kimoja cha kwangu. Nikamuuliza ni vya nini.

"Vya Kitaya," akasema.

Huko Kitaya, kando ya mto Ruvuma, ana shamba la mpunga. Miaka yote ya kazi alikuwa akienda huko mwisho wa wiki kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa, na akirudi Jumapili jioni anasimulia hali ya mpunga mpaka chakula kinapoa. Sasa alitaka kuhamia kabisa. Mimi nina duka la vitenge mjini, nina kwaya, nina jioni za Shangani, ambako watu hutembea ufukweni wakijifanya wanapunga upepo kumbe wanaangaliana nguo. Kitaya nimelala mara kadhaa. Ni kuzuri, sikatai. Ila jua likishazama, wa kupiga naye soga anabaki kiboko, na kiboko hana habari mpya.

"Wewe baki mjini, mama watoto," akaniambia kwa upole. "Mimi nitakuwa nakuja Krismasi na Pasaka."

Alisema kama utani. Lakini mtu wa utani hanunui sufuria. Tumetoka Njombe pamoja, tumehamishwa huku na huko pamoja, sikuwa tayari kuachwa uzeeni kwa ajili ya mpunga. Nikamwomba anisubiri mpaka mvua za kwanza. Nitatafuta nyumba ambayo mlango wa mbele ni mji na mlango wa nyuma ni shamba. Nikiikosa, achukue sufuria zake aende, nami nitalia kwa siri.

Nilianza na dalali, kijana mwenye simu mbili na viatu vilivyochongoka. Nilimweleza ninachotaka, akasema mama umefika. Nyumba ya kwanza ilikuwa palepale Shangani. Nikamuuliza shamba liko wapi, akanionyesha ndoo tatu zilizopandwa michaichai. Nyumba ya pili ilikuwa mbali kiasi kwamba dereva wa bajaji aliuliza njia mara mbili. Shamba lilikuwepo, lilikuwa pande zote nne. Nikamuuliza mji uko wapi, akanyoosha kidole kwenye kibanda kilichokuwa kikiuza vocha na soda ya moto.

"Umeme ukirudi wanawasha na muziki," akasema.

Nikaachana naye. Nyumba niliyoitaka ililetwa na mteja wangu wa vitenge, aliyetaja kwamba shangazi yake ana nyumba Ufukoni, upande ule ambako mji unaanza kuchoka. Tulikwenda mimi na mume wangu siku ya Jumamosi. Kabla hatujashuka kwenye bajaji nilimpa maelekezo. Mimi ninapopatana bei, huwa naponda. Hata kitu kiwe kizuri namna gani, nakiponda mpaka chenyewe kione haya, ndipo mwenye nacho anashuka. Kazi ya mume wangu ni kuguna na kuangalia saa.

"Saa sina," akasema.

"Angalia mkono."

Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kimakonde, mzee kuliko sisi, mdogo wa umbo, mpole mpaka ukijikwaa wewe, anaomba radhi yeye. Tukamwamkia, akatuitikia, akatukaribisha ndani. Nami nilipofika uani nikajua tumefika.

Nyuma ya jiko kulikuwa na mkorosho mpana, kivuli chake kinatosha kwaya nzima pamoja na wanaokuja kuangalia. Bata walikuwa wanazurura. Niliwahesabu wakawa kumi na mmoja, nikarudia wakawa kumi na wawili, kwa sababu bata hawasimami. Kutoka uani kijia kilipita katikati ya mihogo kikateremka hadi bondeni, kwenye udongo mweusi wenye maji, na mwenyewe akasema bonde lile ni lake, atakayepanga alime apendavyo. Na upande wa pili wa ukuta, kikundi cha vijana cha ngoma na maigizo kilikuwa mazoezini. Walikuwa wakipiga sindimba, wanasimama, wanagombana nani kakosea, wanaanza tena. Mimi ni mtu wa Njombe, sindimba siiwezi, lakini kiuno kilijibu chenyewe. Nikakikalisha juu ya kigoda.

Mume wangu alikuwa amechuchumaa bondeni, ameshika udongo, anatabasamu. Nilikohoa. Akakumbuka, akaguna, akaangalia mkono wenye udongo.

Mama akataja kodi. Ilikuwa kodi ya haki kabisa, ndiyo maana sikuweza kuikubali. Nikavuta pumzi, nikaanza.

"Mama, nyumba ni nzuri, lakini huu mkorosho. Majani yake kila siku kufagia, na harufu ya mabibo, na nyoka watakaa juu."

"Pole sana, mwanangu," akasema.

Nilikuwa nimezoea kujibiwa. Sokoni ukisema nyanya zimeoza, unaambiwa aliyeoza ni wewe, na hapo biashara imeanza. Pole sikuwahi kupewa. Nikaendelea.

"Na hawa bata. Sisi ni watu wazima, usingizi wetu ni mwepesi."

"Pole, jamani. Sikujua."

"Na hicho kijia, kila mpita njia atakuwa anachungulia sufuria yetu."

"Kweli, eh?"

"Na hao vijana na ngoma zao. Mume wangu ana presha."

Mume wangu, ambaye presha yake ni ya mtoto wa darasa la tatu, aliguna vizuri sana. Mama akamtazama kwa huruma mpaka machozi yakamlengalenga. Hakushusha hata senti. Alisema tu tumpe siku chache afikirie. Njiani kurudi nilimwambia mume wangu, huyo kashalainika, tukirudi anashuka mwenyewe.

"Lakini unaitaka ile nyumba?" akaniuliza.

"Naitaka kuliko kawaida."

"Mbona hukumwambia?"

Nikamtazama. Miaka yote hii tumelala kitanda kimoja, na mtu hajui kitanda chenyewe nilikipataje.

Tulirudi Jumatano. Kitu cha kwanza nilichogundua ni ukimya. Hakuna ngoma, hakuna bata. Mama alitupokea akiwa amefunga khanga kiunoni kama mtu mwenye shughuli, uso unang'aa.

"Karibuni, wanangu. Nimewatengenezea."

Vijana alikuwa amewaomba wahame, kwa sababu kuna baba mgonjwa wa presha anakuja, na wao, watoto wenye adabu, wakaondoka. Bata alikuwa amewapeleka Mikindani kwa binti yake. Kijia kilikuwa kimezibwa kwa miiba, juu hadi chini, kazi nzuri ya fundi. Na juu ya mkorosho alikuwa amepanda mtu mwenye shoka, tawi moja limeshalala chini, na yeye anatema mate viganjani kuanza la pili.

Nyumba ilikuwa imebaki kuta na bati. Kila nilichokipenda nilikuwa nimekiponda, na kila nilichokiponda kilikuwa kimeondolewa, kwa heshima zote.

Hesabu niliifanya mara mbili, na mara zote mbili mume wangu alikuwa yuko Kitaya, nami niko Shangani na kitanda kikubwa. Yeye hakuhesabu. Alitembea polepole hadi kwenye mkorosho, akakaa chini, akaegemea shina, akanyoosha miguu.

"Baba, toka hapo, tawi litakuangukia," yule wa shoka akasema kutoka juu.

"Basi usilikate."

"Nimeshalipwa."

"Basi shuka upumzike ukiwa umeshalipwa. Wangapi wanapata bahati hiyo?"

Yule mtu akafikiria, akashuka.

Mama alinigeukia. "Kwani anaumwa tena?"

Ilibidi niseme. Nimewahi kuuza kitenge kilichochuja kwa mtu aliyekuja kukirudisha, lakini sijawahi kupata kazi ngumu kama ile.

"Mama, haumwi. Hana presha. Huu mti tunaupenda. Bata tunawapenda. Kijia ndicho kilichotuleta, na ile ngoma mimi nilitamani kucheza."

"Lakini ulisema mwenyewe."

"Nilisema."

"Kwa hiyo ulinidanganya?"

"Sikukudanganya, mama. Nilikuwa napatana bei."

Akakaa kwenye kigoda, akaligeuza neno hilo kichwani. Yeye hakuwa mtu wa soko. Maishani mwake, alivyotueleza baadaye, alikuwa akilima anachokula, na kitu cha dukani alikilipia walivyosema.

"Yaani mtu akipenda kitu, anakitukana?"

"Kama anataka kukinunua, ndiyo."

"Na mumeo naye alikutukana kabla ya kukuoa?"

"Huyu alilipa alivyotajiwa," nikasema. "Ndiyo maana nafanya mimi mapatano."

Mume wangu, pale chini ya mti, alisema, "Mama, nitalipa ulivyotaja. Leo." Akatoa pesa mfukoni mbele yangu, kodi kamili, bila hata kuguna. Nilizihesabu kwa macho, mdomo nimeufunga, maana yaliyotokea nilipoufungua mara ya kwanza wote tuliyaona.

Kurudisha vitu mahali pake kulichukua muda mrefu kuliko kuhama kwenyewe. Miiba mume wangu aliing'oa mwenyewe, anaimba. Bata walirudi kwa bajaji kutoka Mikindani, vichwa nje pande zote, kama wageni waheshimiwa. Sikuwahesabu, nilichoka. Vijana wa ngoma ndio walionitesa. Kiongozi wao, binti mwembamba mwenye sauti ya kuuzia samaki, alisema watarudi, ila walishapata uwanja mwingine mzuri, kwa hiyo wanahitaji kutiwa moyo. Moyo wenyewe ulikuwa sare za kitenge. Wakaja dukani kuchagua.

"Shangazi, hiki kizito," binti akasema.

"Ni cha pamba."

"Maua yake kama pazia. Na hiki kitachuja, ona."

Nilikuwa naona. Kilikuwa kitenge bora kuliko vyote nilivyo navyo, na macho yake yalikuwa hayabanduki hapo. Nilimpa kwa bei ambayo siiandiki. Kazi nzuri lazima iheshimiwe.

Tukahamia. Asubuhi mume wangu anateremka bondeni na jembe, na akienda Kitaya, ni kutazama mpunga wake na kurudi kulala nyumbani. Mimi natoka mlango wa mbele, bajaji, duka, kwaya, na Jumamosi jioni naburutwa Shangani na kiatu kipya. Kikirudi na mchanga, nyumbani sindimba inanisubiri nyuma ya ukuta. Habari ya kuja Krismasi na Pasaka haikutajwa tena.

Kisha mvua za kwanza zikafika, na bati la chumbani likavuja. Si kidogo. Usiku ule tulisogeza kitanda mara mbili na maji yakatufuata mara mbili. Asubuhi nilikwenda kwa mama mwenye nyumba, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, nikamweleza bati linavuja, godoro limelowa, hali ni mbaya.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akacheka taratibu, akanipigapiga mkono.

"Mwanangu, mbona bei tulishamaliza?"

Niliapa, akazidi kucheka. Nikarudi kushauriana na mume wangu, aliyekuwa anakausha mto juani. Akasema labda nijaribu kinyume chake. Nikarudi tena jioni, nikakaa vizuri, nikamwambia mama, lile bati lako tumelipenda mno, chumba kina ubaridi, na maji sasa hatuchoti tena kisimani, tunayapokea kitandani.

Alitazama chini, kama mtu anayehesabu, na nadhani alihesabu mara mbili.

"Kama maji mnayapata humohumo ndani," akasema, "itabidi tuzungumze habari ya kodi."

Kesho yake tulikwenda kununua bati wenyewe.