Miaka Mitatu ya Utani

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Tabora, na wanafunzi wangu watakuambia kwamba sina huruma na wachelewaji. Kengele ikilia, geti linafungwa. Niliwahi kumfungia nje hata mwalimu mkuu, kwa bahati mbaya, ingawa si mbaya sana. Ndiyo maana habari ya goti la baba siipendi kuisimulia.

Baba analima tumbaku kule Usoke. Siku soko la tumbaku lilipofunguliwa, akirudi nyumbani kwa baiskeli, pikapu ilimgonga kwa nyuma ikamtupa kwenye matuta ya viazi. Goti likavunjika. Dereva akampakia kumpeleka hospitali, na njiani wakaulizana makabila. Dereva Mzaramo, baba Mnyamwezi. Basi, kesi ikafia hapo hapo, maana makabila haya ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba mizigo hadi pwani wakitukanana na wenyeji wao.

“Mtani hashtakiwi,” baba aliniambia, mguu ukiwa bado kwenye plasta. “Mtani anatukanwa.”

Yule dereva akawa anakuja kumjulia hali. Anaingia uani, anakamata jogoo bila kuomba, anasema amekuja kumwona kilema wake. Baba anacheka mpaka anakohoa. Mtu amekuvunja goti, sasa anakula jogoo wako, nawe unacheka! Nilikasirika mno.

Goti lilipona likiwa limekakamaa. Daktari alisema upasuaji kwenye hospitali kubwa ungeweza kulinyoosha, lakini gharama yake hatukuiweza. Baba hakuweza tena kupanda kwenye bani, lile banda la kukaushia, kutundika tumbaku. Hilo alilivumilia. Lililomuuma ni kanisani, kwamba hakuweza kupiga magoti.

Nikaenda kwa wakili. Akanieleza kwamba fidia italipwa na bima ya gari, si na dereva, mradi tufungue madai ndani ya miaka mitatu tangu siku ya ajali. Kumwelewesha baba kulinichukua miezi. Aliyemgeuza ni mtani mwenyewe.

“Nyie Wanyamwezi mmebeba kila kitu kichwani isipokuwa akili,” alimfokea. “Nishtaki, mzee!”

Baba akakubali. Nikamuuliza miaka mitatu inatimia lini.

“Siku soko likifunguliwa. Bado wiki nzima.”

Nikajipongeza kwa kuwahi. Tukaenda mjini kwa pikapu ileile, mshtakiwa mtarajiwa akiwa kwenye usukani, wakitukanana kutoka Usoke hadi mlangoni kwa wakili.

Wakili akafungua fomu ya polisi, ile PF3, ambayo baba aliitunza kwenye nailoni ndani ya sanduku lake. Akasoma tarehe. Akatazama kalenda ukutani. Akaisoma tena.

“Mwaka huu soko limechelewa kufunguliwa, siyo?” aliuliza taratibu.

Kwa kalenda, tulikuwa tumechelewa siku tisa.

Akasema upo mlango mmoja, kumwomba waziri aongeze muda, ila anataka sababu ya maana. “Niandike sababu gani?”

“Andika utani,” alisema baba.

“Mzee, waziri hawezi kukubali utani.”

“Muulize kwanza kabila lake.”

Wakili alicheka. Nami nilicheka, kisha nikamwona dereva amefunika uso kwa kofia, analia. Nilitafuta mtu wa kumgombeza pale ofisini na sikumpata. Karatasi ilikaa sandukuni miaka mitatu, na mimi, mfunga geti, sikuwahi kusema nionyeshwe. Barua tuliandika hata hivyo. Ilikataliwa.

Siku hizi, kila msimu, mtani anachukua likizo anapanda kwenye bani kutundika tumbaku. Anafunga ovyo, majani yanamwangukia baba, na matusi yanasikika hadi stesheni ya treni. Baba anasema fidia ameshaipata, na nadhani anasema kweli.

Lakini Jumapili nikiwa Usoke huwa nakaa naye kanisani. Kengele ya altare ikilia, watu wote wanapiga magoti. Baba anabaki amesimama peke yake, ameweka mkono begani kwangu asianguke. Mkono wake ni mzito, na sijawahi kumwomba auondoe.