Ishirini Tu

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni mfupi kiasi kwamba akikaa mbele ya kompyuta unaona kilemba tu. Usidanganyike na kilemba. Yeye ndiye anayeangalia seva ya hospitali yetu, na mimi ni mlinzi wa mlango wa mapokezi. Kazi hii aliniombea yeye, kwa hiyo akifukuzwa yeye, mimi simalizi wiki.

Kadi zote za wagonjwa ziko kwenye databesi, ndani ya hiyo seva. Karani akitaka kadi yako, programu inaazima njia ya kuingilia humo, inachukua kadi, inarudisha njia, na mwingine anaiazima. Shemeji aliweka njia ishirini, za kuazimana hospitali nzima. Mimi nilidhani ni ubahili, maana namjua.

Basi makarani wakaanza kulalamika kwamba asubuhi mashine zinaganda, kioo kinaandika njia zimekwisha. Shemeji akachunguza siku mbili, akafika dirisha la dawa. Bwana Dawa wetu ni mtu mzuri, ila chai anaipenda kuliko mkewe. Alikuwa na tabia ya kufungua kadi sita za wagonjwa mapema, anaziacha nusunusu, anakwenda zake kantini. Anashika nafasi, kama wale wanaoacha kandambili kwenye foleni. Wenzake dirishani nao wakaiga. Kila kadi iliyoachwa wazi imekalia njia moja, na haiachii.

Shemeji akaseti: njia ikikaa dakika moja bila kazi, inanyang'anywa. Mashine zikapumua. Bwana Dawa akarudi kwenye chai akakuta katolewa nje, akaenda kumshtaki kwa Mkuu wa hospitali.

Hesabu ya Mkuu ni fupi: njia hazitoshi, ongeza. Akaagiza ziwekwe mia tatu, na huo unyang'anyi uondolewe. Shemeji akamwambia seva ile ni ndogo, ikivamiwa na mia tatu kwa mpigo haitamhudumia hata mmoja. Mkuu akamwandikia barua ya onyo. Mpaka Jumatatu awe amesaini kwamba amekosea, la sivyo akatafute kazi kwingine.

Jumapili nikamfuata kwake. Nilimkuta anapiga pasi sare za watoto, nikambembeleza kwa sauti ya mkwe.

"Saini tu, shemeji. Karatasi haing'ati."

"Wewe pale mlangoni unamwingizia daktari wangapi?"

"Mmoja mmoja."

"Kesho waingize mia, halafu uje uniambie karatasi haing'ati."

Nikanywa chai yangu. Hata sukari siku hiyo alininyima.

Jumatatu asubuhi Mkuu akaleta fundi wake mwenyewe, akaweka mia tatu. Saa mbili mambo shwari, Bwana Dawa akawa ananikonyeza. Saa tatu na nusu hakuna kadi iliyotoka. Foleni ikanipita mlangoni ikafika getini, na mama mmoja aliyebeba mtoto mwenye homa akaniuliza kama mimi ni mlinzi au sanamu. Mkuu alikuwa kikaoni, hataki kusumbuliwa.

Shemeji hakumsubiri. Alinipita bila salamu, akaingia chumba cha seva, akarudisha ishirini zake na dakika yake moja, akaiwasha programu upya. Makarani wakaanza kuita majina. Yule mama akawa wa tatu kuingia.

Ndipo Mkuu akashuka ngazi, barua mkononi, foleni nzima inatazama.

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna," shemeji akasema.

"Na hapa hujasaini."

"Nipe kalamu."

Nikashusha pumzi. Nikajua kazi yangu imepona. Shemeji akakosa meza, akanigeuza, akaiweka barua kwenye mgongo wangu. Nikahisi kalamu inaandika neno moja, kisha saini, na nukta aliyoikandamiza mpaka nikaruka.

Mkuu akasoma. "Ishirini?"

"Ishirini."

Akamtazama, akaitazama foleni inavyosogea, akaikunja barua akapanda nayo juu. Hii ni wiki ya sita. Barua ya kumfukuza haijashuka, ya kumwomba radhi ndiyo kabisa. Nilimuuliza kama haogopi. Akasema ikishuka ataisaini hivyo hivyo, na nisiende mbali, mgongo wangu ni meza nzuri.