Kufuli Aliposhikilia Mlango

Mdogo wangu wa kike alikuwa askari jela miaka thelathini na moja. Wafungwa walimwita Kufuli, na jina lenyewe alilipenda, msidanganyike. Kiharusi kilipompiga kikaondoka na mkono wa kulia. Daktari akasema vidole vikifanyishwa kazi vitarudi, visipofanyishwa ndiyo basi tena. Akapewa mpira wa kubonyeza, akautupa uvunguni.

"Mimi si mtoto."

"Mtoto angebonyeza," nikamwambia. Siku mbili hatukusemeshana, na aliyeanza si mimi.

Binti yake, fundi wa televisheni, ndiye aliyetuletea gemu. Akampa kila mmoja wetu pedi yake ya kuchezea. "Mama Mkubwa, mnacheza wawili, mnasaidiana. Mnaiba dhahabu kwa sonara, polisi wanawafukuza."

"Sisi tuwe polisi," akasema Kufuli.

"Polisi ni mashine yenyewe, Mama. Nyinyi wezi."

Akanuna. Lakini kuniacha niibe peke yangu, hakuweza.

Sasa balaa. Kila mlango akipita, anaufunga. Mimi na gunia langu nabaki ndani, polisi hao, pingu.

"Unanifungia!"

"Mlango wa pili haufunguliwi kabla wa kwanza haujafungwa. Ndio utaratibu."

"Utaratibu wa nani? Sisi wezi!"

"Hata kama."

Siku nane nililala jela ya kwenye televisheni kwa ajili ya utaratibu wake. Ya tisa akaacha kufunga, maana hata yeye alichoka kunitazama nikiburutwa. Tukafika mlango wa tatu, wa chuma. Huo hausimami wazi wenyewe. Mmoja lazima abonyeze kitufe cha pedi kwa kidole cha kulia na kukishikilia hapo mpaka mwenzake apite.

Binti akasema, "Naweza kukihamishia kushoto hicho kitufe."

"Thubutu uone," nikamwambia. Akaenda zake kazini.

Kufuli akabonyeza. Mlango ukapanda nusu, ukashuka. Akataka kusaidia kwa mkono wa kushoto, nikaupiga kofi. Akanitukana, tusi la jela hasa, kisha akabonyeza tena. Kidole kikatetemeka. Mlango ukapanda, ukakaa.

"Pita, Dada!"

Nikapita. Kupita kwangu nako ni kugonga kuta, sifichi.

"Kulia! Dada, huo ukuta!"

"Naona!"

"Huoni!"

Jasho linamtiririka, macho sasa kayakaza kwenye kidole chake, hatazami televisheni wala mimi. Mimi nilikuwa nimeshatoka, nimeshapanda gari la wizi, dhahabu miguuni. Televisheni inapiga vigelegele vyake, nikaipunguza sauti.

"Umepita?"

"Bado kidogo."

"Wewe mzee una miguu ya konokono."

"Shikilia tu, mdogo wangu. Nakuja."

Akashikilia.