Kitanda cha Mjukuu Kilichokwama Bandarini

Mzigo ulifika bandarini salama salimini. Mwenyewe akagoma kwenda kuuchukua.

Na mwenyewe ni binti yangu wa kumzaa, Shaimaa.

Mimi ni mjane wa Dumyati, Misri, mji wa mafundi wa samani. Marehemu mume wangu, Hajj Mitwalli, aliugua huku anachonga kitanda cha kichanga. Shaimaa, aliyeolewa Genoa, Italia, alikuwa mjamzito. Mjukuu wetu wa kwanza!

Alikimaliza, kisha Mungu akamchukua.

Nikaapa kitafika.

Nikauza bangili, nikaenda kwa Wagdi, wakala wa meli.

"Nauli ya msingi ni hii, Hajja."

Nikalipa, na dua nikamwombea. Kwetu fundi akitaja bei ya kabati, humo humo mna kubeba, kupandisha ghorofani na kufunga. Akidai ziada, sokoni hasalimiwi. Nikajua na meli ni hivyo hivyo.

Thubutu!

Kitanda kilipofika Genoa, Wagdi akapiga simu. "Hajja, bado kuna nyongeza ya mafuta, kuna ya kushusha, na ghala linahesabu kila siku."

"Si nilikulipa nauli?"

"Ya msingi, mama yangu. Ile ni ya kuvuka maji tu, bandari hadi bandari. Mengine yako pembeni."

"Kumbe umeniuzia msingi, nyumba nijijengee mwenyewe!"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikavua bangili ya mwisho, nikamtumia Shaimaa hela akakikomboe.

Hakwenda.

Nikipiga, anapokea mumewe: "Amelala, mama." Kila siku amelala.

Wagdi akanionya: kisipochukuliwa, kitapigwa mnada.

Siku hiyo Shaimaa akapokea mwenyewe. Nikamwakia.

"Kazi ya mikono ya baba yako inaozea ghalani! Hela nimetuma, unataka nini tena?"

"Hela ipo, mama."

"Sasa?"

"Nikikichukua, nimlaze nani?"

Nikakaa sakafuni na simu sikioni.

Mtoto alizaliwa hana pumzi, wakati meli ingali baharini. Shaimaa alinificha, maana kaburi la baba yake lilikuwa bado bichi.

Inna lillahi. Nami nilikuwa namgombeza kwa habari ya ghala.

Kitanda kilinadiwa. Popote kilipo, mtoto wa watu amelala humo. Kila swala namwombea.

Ndugu zangu, ukitajiwa bei, uliza ndani yake mna nini. Lakini mtu wako akinyamaza, mzigo uache kwanza.

Muulize yeye hali yake.